Zaka ya Mungu, Zaka ya Dalali

Mungu anadai moja ya kumi. Dalali wa mahindi anachukua moja ya saba. Na katika Ufipa hii iliyobatizwa tangu enzi za mababu, nasema bila kupepesa macho kwamba dalali analipwa kwa uaminifu kuliko Mungu. Zaka ya Mungu unaweza kuipiga chenga mwaka mzima. Ya dalali inakatwa papo hapo, mbele ya macho yako, na wewe mwenyewe ndiye unayemshikia mdomo wa gunia.

Hesabu yake haihitaji shule. Gunia la mahindi huku kwetu ni madebe sita. Mnunuzi wa lumbesa anataka saba, halafu analipa bei ya gunia moja. Mpimie magunia sita na utakuwa umemwachia madebe sita ya bure, yaani gunia zima limepanda fuso bila kulipiwa. Umetoa saba, umelipwa sita. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi haba na haba yetu inajaza ghala la mtu mwingine, Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam.

Nawaambia haya Wakristo wenzangu kwa sababu katika biashara hii hakuna mgeni wa kumsingizia. Mwenye shamba amebatizwa. Dalali amepata kipaimara. Mnunuzi aliyekuja na fedha ana rozari inayoning'inia kwenye kioo cha gari. Kijana anayeshindilia debe anaimba besi kwenye kwaya. Mwenyekiti wa kijiji, anayeona yote na kunyamaza, ni mzee wa kanisa. Jumapili wote wanatakiana amani, mkono kwa mkono. Jumatatu mkono uleule unatikisa debe.

Na imani haikuja Ufipa jana. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na baadaye Injili ikapanda mpaka huku juu uwandani. Mwaka 1891, uleule ambao Papa Leo wa 13 alitoa waraka wa Rerum Novarum kudai ujira wa haki kwa mfanyakazi, mwenzao Adolphe Lechaptois aliteuliwa kuiongoza misheni ya Tanganyika. Jimbo Katoliki la Sumbawanga liliundwa mwaka 1969, miaka mitano kabla Serikali haijauunda Mkoa wa Rukwa. Wamoravian wapo, Walutheri wapo, Waanglikana wapo, na makanisa ya Kipentekoste yanaongezeka kila mtaa. Kanisa huku ni kongwe kuliko mkoa. Tumesikia mahubiri kwa takriban miaka 140. Swali langu ni moja tu: katika miaka yote hiyo, Injili imewahi kufika kwenye debe?

Hebu tulitazame debe lenyewe. Ni bati la lita 20, lililokuja na mafuta ya kula. Likiwa zima, likafutwa juu kwa ubao, hubeba mahindi makavu ya kilo 17 au 18 hivi. Sasa angalia linavyotayarishwa kabla ya msimu. Kitako kinagongwa kwa nyundo kutoka ndani mpaka kinatuna. Mbavu zinatanuliwa. Siku ya kupima, kibarua wa mnunuzi analijaza, analitikisa, analipiga teke la ubavuni ili punje zishuke, analijaza tena. Likishafurika halifuti. Anauzungushia mdomo wa debe mikono yake miwili iwe ukuta, mwenzake anamwaga katikati mpaka kichuguu kinasimama juu. Punje zinazodondoka kwenye turubai haziokotwi na mwenye mahindi. Hizo ni za mnunuzi. Kibarua anaita, "Moja!" Mama mwenye mali anaweka kijiti kimoja chini ili asipoteze hesabu. Akithubutu kuuliza mbona linajazwa namna hiyo, anajibiwa, "Mama, kama hutaki, jitwike urudi nayo." Atajitwika vipi, na kijiji kiko maili kadhaa, na jua linazama, na karo ya mtoto inadaiwa kesho? Gunia nalo likijaa halifungwi. Linaongezewa mdomoni kipande cha gunia jingine, linashonwa kwa kamba, linaota kichwa.

Jiulize ni mali gani nyingine duniani inauzwa hivi. Nenda dukani kununua sukari: anayepima ni muuzaji. Kanunue petroli: pampu ni ya muuzaji. Mkulima huyuhuyu akienda kununua mbegu, anakuta mfuko umezibwa kiwandani, na uzito umeandikwa. Akienda kuchukua mbolea ya ruzuku ya mpango ulioanza msimu wa 2022/23, anakuta mfuko wa kilo 50, na hakuna anayemwongezea hata kiganja. Ananunua kwa kilo, anauza kwa debe. Akinunua, kipimo kiko mikononi mwa mwingine; akiuza, kipimo kiko mikononi mwa mwingine. Pande zote mbili yeye ndiye wa kupunjwa.

Kuna mstari ambao kila mhubiri wa matoleo anaujua kichwani: Luka sura ya 6, mstari wa 38. Vikapu vikianza kuzunguka, unasomwa. Ndani yake Bwana anazungumzia kipimo kilichojazwa, kikabanwa, kikatikiswa, kikafurika. Jamani, si debe hilo? Mwana wa seremala alilijua soko la nafaka. Alikuwa ameiona mikono ikitikisa na kubana. Lakini someni vizuri ni mikono ya nani. Katika Injili, anayetikisa ni yule anayetoa. Anabana ili jirani yake apate zaidi. Huku kwetu anayetikisa ni yule anayechukua. Anabana ili jirani yake abaki na pungufu. Tumeishika Injili miguu juu kichwa chini, tukaisoma kwa sauti tamu wakati wa matoleo, na hakuna aliyeguna.

Anayedhani habari hizi ni za Wakala wa Vipimo na wala si za Biblia, basi aifungue Biblia. Walawi sura ya 19, ileile inayotuamuru kumpenda jirani kama nafsi yetu, haimaliziki kabla ya kuagiza mizani ya haki na vipimo vya haki. Upendo na mizani viko katika sura moja. Sisi tumechukua upendo tukautungia nyimbo za kwaya, mizani tukamwachia dalali. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kuweka nyumbani kwake vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Hapa mjini Sumbawanga kuna watu wanavyo vyote viwili: debe lililotanuliwa la kununulia kijijini, na debe lililobonyezwa la kuuzia sokoni. Mithali sura ya 11 inaanzia hapohapo, na haina maneno laini.

Halafu yupo Amosi, mchunga kondoo na mtunza mikuyu, aliyesema zaidi ya miaka 2,700 iliyopita. Sura yake ya nane inawaeleza wafanyabiashara walioshika Sabato huku roho zinawawasha iishe upesi wafungue nafaka, wapunguze kipimo, waongeze bei, wachezee mizani na kumuuzia maskini makapi. Watu hao hawakuwa wapagani. Walikuwa ibadani. Angepanda basi leo akashukia stendi ya Sumbawanga, Amosi angewatambua kwa kuwatazama tu: yule anayechungulia simu wakati wa mahubiri kwa sababu gari linapakia Laela, yule anayetoka mara tu baada ya komunyo kwa sababu Namanyere wanamsubiri na mifuko.

Lumbesa haimwibii mkulima peke yake. Mtazame kuli. Huyu analipwa kwa gunia, hata gunia lingekuwa na uzito gani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka furushi la mazao lisizidi kilo 100, na hizo tu ni nyingi. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Lumbesa inazipita zote mbili. Kijana anainama, wenzake wanamtwisha, shingo inazama mabegani, anapanda ubao ulioegemezwa kwenye fuso huku magoti yanatetemeka. Akifika miaka arobaini, kiuno kimekwisha, na hakuna wa kumlipa fidia. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tunaukumbuka mstari huo binti akivaa sketi fupi. Mbona hatuukumbuki hekalu la Roho likivunjwa mgongo pale kwenye ghala la muumini mwenzetu?

Tuuguse na mzizi, maana lumbesa ya Julai inapandwa Februari. Ufipa tuna msimu mmoja wa mvua. Kufika Februari ghala limebaki vumbi na panya, palizi inangoja, mtoto anadaiwa sare na madaftari. Hapo anatokea mtu mwema, mara nyingi wa jumuiya yako mwenyewe, na fedha taslimu mfukoni. Anakupa bei ya nusu gunia leo. Wewe utampa gunia zima mwezi wa saba. Mahindi yenyewe yako shambani, bado yana ndevu mbichi. Unaweka dole gumba kwenye daftari lake. Mwezi wa saba anakuja na debe lake lililotuna, kwa hiyo hata lile gunia moja mliloandikiana linakuwa gunia na robo.

Tazameni kalenda ya Kanisa: miezi hiyo ndiyo Kwaresima. Paji la uso la mkopeshaji lina majivu. Ijumaa hagusi nyama. Anazunguka vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba, na Simoni wa Kirene akitajwa anapiga goti kumheshimu mtu aliyemsaidia mwenzake kubeba mzigo. Akitoka hapo anakwenda kumwongezea mjane mzigo. Isaya sura ya 58 ilishaeleza ni mfungo gani Mungu anautaka: kuzivunja nira, kumwacha huru aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa chakula. Hakuna mahali Isaya anaposema ujinyime nyama ya ng'ombe huku unalitafuna shamba la jirani.

Sasa sikieni jambo linalopaswa kuutia uwanda wote aibu. Tangu enzi za Mwalimu tumesifiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Tumelisha nchi. Wafipa walijua kufukia majani kwenye matuta ili kurutubisha ardhi kabla mfuko wowote wa mbolea haujafika dukani. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Iringa na Njombe pekee ndizo zilizotuzidi, nazo ni maghala vilevile. Karibu nusu ya watoto wetu! Tunapakia malori usiku na mchana, na mtoto wa mpakiaji hafikii urefu wake.

Sisemi lumbesa ndiyo sababu pekee. Mlo wa ugali mtupu unachangia, maradhi yanachangia, kazi nyingi za mama mjamzito zinachangia. Lakini mama anayepunjwa moja ya saba ya mavuno anapunjwa palepale palipokuwa na fedha ya mayai, ya maharage, ya dagaa wa Kirando na Kasanga. Na kuna kipimo kingine ambacho hakuna wakala wa kukihakiki: kile cha baba mwenye nyumba. Mama amelima, amepalilia, amevuna, amepukuchua. Fuso likifika, anayepokea fedha ni baba. Julai na Agosti vilabu vya pombe vinafurika, na wengine mavuno yanawaolea mke wa pili. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Mzee anayekaa kiti cha mbele kanisani huku watoto wake wanakula ugali kwa chumvi, na asome mstari huo akiwa amesimama.

Mkulima mwenzangu, usianze kupiga makofi. Nani anayeweka mahindi yenye wadudu katikati ya gunia na mazuri juu? Nani anayenyunyizia maharage maji usiku yapate uzito? Nani anayetia kokoto, akasema ni za kwenye uwanja wa kupukuchulia? Wanunuzi wanajitetea kwa maneno hayo: "Tunaongeza debe kwa sababu mnatuuzia maji na mawe." Utetezi wenyewe ni wa mwizi anayemwonyeshea mwizi mwenzake kidole, lakini hausemi uongo. Amosi aliwakemea waliouza makapi ya nafaka, wala hakuuliza kwanza kama ni matajiri.

Najua majibu yanayonisubiri. La kwanza: "Ni makubaliano, hakuna aliyelazimishwa." Esau naye alikubaliana na Yakobo. Alikuwa na njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Hakuna anayeisoma habari hiyo akamsifu Yakobo kwa ujasiriamali. Mapatano kati ya mwenye njaa na mwenye fuso yanahitaji mtu wa tatu wa kuyasimamia, na kwa Mkristo mtu huyo yupo, hata kama hajaalikwa.

La pili: "Tukikataa lumbesa, wanunuzi watakwenda kijiji kingine." Ni kweli, kijiji kimoja kikikataa peke yake kitaachwa na mahindi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ni nani katika uwanda huu aliye na watu katika kila kijiji, kuanzia Matai hadi Namanyere, kuanzia Mpui hadi bondeni Mtowisa? Ni nani anayeweza kusoma tangazo moja asubuhi moja na likasikika kila kona? Serikali haiwezi, ofisa wa vipimo hafiki kila kijiji. Kanisa linaweza. Likitangaza harambee ya paa la parokia, tangazo linafika hadi kigango cha mwisho mlimani Mbizi. Basi wavu huo wa kukusanyia michango haushindwi kubeba agizo moja la haki.

La tatu ndilo linalonichemsha damu: "Padri ahubiri mbinguni, biashara awaachie wenyewe." Yohana Mbatizaji hakuwaachia wenyewe. Watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waongeze sala. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari aliwaambia wasimnyang'anye mtu na waridhike na mishahara yao. Iko Luka sura ya 3. Toba ya Yohana ilikuwa na tarakimu. Na sala tuliyofundishwa na Bwana mwenyewe inaomba riziki ya siku. Riziki hiyo huku Ufipa inapimwa kwa debe, kwa hiyo kila anayesali Baba Yetu ameshaingilia biashara.

Kwa nini basi mimbari zimekaa kimya? Nitasema, na anayetaka kukasirika akasirike. Kimya kinalipiwa. Siku ya harambee, mgeni rasmi ni nani? Ni yuleyule mwenye ghala. Anasimama, anaahidi mabati, kwaya inampigia vigelegele, mchungaji anamwekea mikono. Mjane ameleta kuku, kuku ananadiwa, na mwenye ghala anamnunua kwa bei ya mbuzi ili watu washangilie. Fedha yenyewe ni mahindi ya mjane yaliyozunguka na kurudi kanisani kwa jina jingine. Yesu alipowaonya watu juu ya walimu wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu, hakuchagua mifano hiyo miwili kwa bahati mbaya. Aliiweka pamoja kwa sababu inakwenda pamoja.

Na wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanamwambia mkulima apande mbegu ya imani, yaani noti, ili avune mara mia. Mfipa anaijua mbegu. Anajua inapandwa ardhini, inasubiri mvua, inapaliliwa. Hajawahi kuona mbegu inayoota kwenye mfuko wa koti la mtu mwingine.

Parokia zetu na sharika zetu pia zijitazame. Wakati wa mavuno tunapokea sadaka ya nafaka: magunia yanapangwa mbele ya altare, yanabarikiwa, yanauzwa. Anayenunua ni nani, na anapima kwa debe gani? Kama mahindi yaliyotolewa kwa Mungu nayo yanashonewa kichwa cha lumbesa kwenye uwanja wa kanisa, basi dalali ameingia hadi patakatifu, na sisi ndio tuliomfungulia mlango.

Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyependa misa, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisipokuwa tayari kuasi dhidi ya mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litakuwa halina maana kwa mwanadamu. Leo tunasali ili atangazwe mwenye heri. Picha yake tunaibusu, hotuba yake tumeifungia kabatini.

Nimalize kwa anayejua namna ya kufanya jambo hili, naye ni Nehemia. Katika sura yake ya tano watu wanamlilia: wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Nehemia anakasirika. Anafikiri kwanza, halafu anawakabili wakubwa, anaitisha mkutano mkubwa, anadai mashamba na riba virudishwe siku ileile, anawaita makuhani wawaapishe wakopeshaji mbele ya watu wote. Hakuunda kamati, wala hakuandaa semina elekezi.

Kwanza, tunayo mikutano kama ya Nehemia, tena kila wiki. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, zinawakutanisha mkulima, dalali, mkopeshaji na mwenyekiti wa kijiji katika sebule moja, juu ya Injili moja. Badala ya kuishia kwenye michango ya msiba na ya ukarabati, kila jumuiya na iulizane mambo matatu kabla ya msimu kufunguliwa. Nani kati yetu amenunua mahindi yaliyo bado shambani, na kwa bei gani? Nani ana debe lililogongwa? Nani atatoa ng'ombe wa kulimia au gunia la akiba Februari ijayo ili jirani asimwendee mkopeshaji? Nanyi Wamoravian, Walutheri na Wapentekoste mna vikundi vyenu vya nyumba kwa nyumba. Maswali ni hayohayo.

Pili, kila kigango kiwe na mizani iliyohakikiwa, yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na iwekwe mahali ambapo kila mwanakijiji, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, anaweza kupimia bure. Gharama yake ni ndogo kuliko ya spika moja ya kwaya. Mwenye mahindi apime kwanza kwa kilo, aandike, ndipo azungumze bei. Mnunuzi anayekataa mizani amejieleza mwenyewe.

Tatu, turudishe. Zakayo alipopokea ugeni wa Yesu nyumbani kwake, hakuahidi kwamba kuanzia kesho atajitahidi. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu kurudisha mara nne. Yesu alitangaza wokovu wa nyumba ile baada ya ahadi hiyo. Padri anayeketi kwenye kitubio na amwulize mwenye ghala swali la Zakayo: unarudisha nini, kwa nani, lini? Malipizi ya Salamu Maria tatu hayajawahi kumrudishia mjane debe lake.

Na sadaka za watu hawa, wachungaji wetu, zirudisheni. Mathayo sura ya 5 inamwamuru mtoaji aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Hapakuandikwa kwamba sadaka ikiwa nono amri hii inasamehewa. Paa la kanisa likichelewa miaka miwili tutasali chini ya mwembe. Mababu walianzia hapohapo. Lakini parokia moja tu ikisimama, ikasoma kiasi alichotoa mwenye ghala, ikamrudishia bahasha yake mbele ya watu na kumwambia alete kwanza majina ya aliowapunja, habari itafika Kasesya mpakani kabla jua halijazama. Na msimu unaofuata, kibarua akiinua mguu alipige debe teke, mama mwenye mahindi hataweka kijiti chini. Atamwambia, "Futa juu, mwanangu. Halafu twende kwenye mizani."